Siku ngapi zinatosha? Mama, wajukuu na bustani za Florida

Najua nimepotea, na wengine mmeanza kuuliza kama kijana ameacha kalamu. Sijaacha. Kazi za chumba cha habari mnazijua, ukimaliza habari ya leo mhariri ameshakudai ya kesho.

Leo siandiki siasa. Naomba niandike jambo ambalo kwa wengine litaonekana la anasa: familia ikiamua kwenda kupumzika kwenye zile bustani kubwa za michezo ya watoto, ikae siku ngapi? Usicheke kwanza. Swali hili lilitaka kuvunja amani kwenye nyumba ya dada yangu, na mimi nilikuwepo mezani.

Ilikuwa Juni 2025. Dada yangu anaishi Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani, na mumewe na watoto wawili, wa kiume miaka minane na wa kike miaka mitano. Mama yetu alikuwa kwao tangu Januari, na muda wake wa kukaa ulikuwa unaelekea ukingoni. Mimi nilikwenda kuwasalimu, kisha nirudi naye Moshi. Dada akaona hii ndiyo nafasi: sote sita pamoja, mara moja, kabla mama hajaondoka. Ana miaka 68, na safari ya kuvuka bahari si ya kufanya kila mwaka. Hakuna aliyelisema kwa sauti, lakini kila mtu alijua huenda ikawa mara ya mwisho kwa mama kusafiri hivyo.

Safari ikapangwa kwenda Walt Disney World, karibu na Orlando, jimbo la Florida. Kwa gari ni kilomita 700 hivi, saa saba barabarani kama humwonei huruma anayeendesha.

Sasa ugomvi ukaanzia kwenye daftari.

Kwa asiyejua, Walt Disney World si bustani moja. Ni eneo la kama kilomita za mraba 100, lenye bustani nne kubwa, kila moja na lango lake. Ya kwanza, Magic Kingdom, ilifunguliwa Oktoba 1971. EPCOT ikafuata Oktoba 1982, ya mambo ya sinema ikaja 1989 (leo inaitwa Disney's Hollywood Studios), na ya wanyama, Animal Kingdom, Aprili 1998. Juu ya hapo kuna bustani mbili za maji, mahoteli na maduka. Na kama hiyo haitoshi, katika mji huohuo washindani wao, Universal, walikuwa wamefungua bustani mpya kabisa, Epic Universe, Mei 22, 2025, wiki chache tu kabla hatujaenda. Mpwa wangu alikuwa ameshaiona kwenye simu ya baba yake. Hapo ndipo matatizo yanapozaliwa wadau, mtoto akishaona kwenye simu!

Shemeji akasema siku sita. Hoja yake ilikuwa moja na ilikuwa nzito: "Tumeshafika mpaka huko, tunarudi tena lini? Ukienda kisimani usirudi na ndoo nusu."

Dada akasema siku tatu. Hoja yake ilikuwa pochi.

Mama, alipoulizwa, alisema, "Nyie pangeni wanangu, mimi nipo tu." Wenye mama mnaijua sentensi hiyo. Maana yake si kwamba hana maoni. Maana yake ni kwamba hataki kuwa mzigo.

Niwaambie kidogo kuhusu hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge. Tiketi za pale zina ujanja wake. Ya siku moja kwa mtu mzima haishuki chini ya dola 100, na siku za msongamano kama Krismasi inapanda hadi karibu mara mbili ya hapo. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu haingii kwenye hesabu, lakini akitimiza kumi analipa kama mtu mzima. Halafu siku zinavyoongezeka, bei ya kila siku inashuka. Siku ya tano unaipata kwa bei ndogo kuliko ya kwanza. Shemeji alipoona hivyo akaruka: "Umeona? Siku za mwisho ni kama za bure!"

Hapana shemeji yangu, si za bure. Tiketi ya siku hiyo ni rahisi, lakini siku yenyewe si rahisi. Siku ina kulala, ina kula, ina mafuta ya gari, ina maegesho ambayo mwaka huo peke yake yalikuwa kama dola 30. Kwenye daftari la dada, watu sita katika nyumba ya kupanga kule Kissimmee, kila siku iliyoongezeka ilikuwa kama dola 400 kabla hujataja lango. Na kuna gharama nyingine ambayo sisi wa huku hatuifikirii. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri kukupa likizo yenye malipo. Shemeji anaendesha lori. Lori lisipotembea, hakuna kinachoingia. Dada anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na siku zake za ruhusa alizikusanya kama mtu anavyokusanya sarafu kwenye kopo.

Mama alikuwa anasikiliza tu. Kisha akauliza kwa upole, "Hiyo ya siku moja, ni mabati mangapi?"

Kimya. Maana dada na mimi tulikuwa tumemwahidi mwaka huo kubadilisha paa la nyumba ya Moshi.

Mwisho wakapatana katikati, kama wanasiasa wetu. Tiketi za siku nne, bustani nne, siku nne mfululizo. Jumapili hadi Jumatano, Alhamisi barabarani, Ijumaa shemeji kwenye lori. Kila mmoja alipata nusu ya alichotaka, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyeuliza swali la maana: miguu ya mama inaweza siku ngapi?

Jumapili tukaanza na Magic Kingdom. Kule ukishaegesha gari bado hujafika. Unapanda treni ya juu au kivuko cha majini ndipo ulione lango. Tuliingia saa mbili asubuhi, tukatoka saa nne na nusu usiku baada ya fataki. Sitadanganya, ilikuwa siku nzuri sana. Binti alikumbatia kila aliyevaa vazi la kifalme. Chapati za dada zilituokoa, maana wanaruhusu kuingia na chakula chako, na maji ya baridi ya kwenye kikombe unapewa bure kwenye migahawa ya haraka. Mama alitembea kutwa nzima. Tulimwambia kuna viti vya magurudumu vya kukodi pale langoni. Akajibu, "Mimi si mgonjwa."

Jumatatu EPCOT. Kule kuna ziwa limezungukwa na mabanda ya nchi 11, na kulizunguka tu ni kama kilomita mbili. Afrika pale inawakilishwa na Moroko. Jua la Florida mwezi Juni si la mchezo, linakuchoma mpaka saa nane, kisha mvua inashuka na radi juu. Tukakimbia kujificha na watu wengine mia. Mpwa akawa analia kwa sababu foleni aliyokuwa anaisubiri imefungwa kwa ajili ya radi. Binti amelala begani kwangu. Dada na shemeji wakawa hawasemezani, kisa ni nani alisahau makoti ya mvua. Mama ameketi kwenye benchi, ameshika goti kwa mikono miwili, anatabasamu ili tusimwone.

Jumanne asubuhi goti limevimba kama embe.

Sasa hebu fikirieni hali ile wadau. Tiketi sita zimeshalipiwa. Bustani ya sinema inatusubiri. Mama anasema, "Nendeni, mimi nitabaki, nitalala." Shemeji, ambaye ni mtu mwema na mimi nampenda, anaangalia saa. Dada anaangalia dirishani. Hapo ndipo mtoto wa miaka minane akasema, "Bibi asipokwenda na mimi siendi."

Tukabaki wote. Si kwa furaha, nakiri. Saa ya kwanza ndani ya nyumba ile ilikuwa kama kwenye msiba, kila mtu anapiga hesabu kimoyomoyo. Kisha watoto wakaingia kwenye bwawa la kuogelea lililokuwa nyuma ya nyumba. Shemeji akafuata. Dada akapika ugali na mchicha aliokuja nao kwenye boksi la barafu kutoka Atlanta. Mchana mama, mguu juu ya mto, akaanza kuwasimulia wajukuu jinsi babu yao alivyowahi kufukuzwa na nyani kwenye shamba la mahindi. Mpwa alicheka mpaka akaanguka chini. Sikuwahi kumsikia mama akiisimulia hadithi ile, na nina miaka 27. Alisimulia nyingine, na nyingine. Shemeji akazima simu. Ilipofika jioni dada akaniambia jikoni, taratibu, "Miezi sita yupo kwangu, leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa naye mchana kutwa." Alikuwa kazini muda wote, wadau. Miezi sita!

Jumatano tukaenda Animal Kingdom, mama kwenye kiti cha magurudumu, safari hii bila ubishi. Hapo ndipo nusura tumkoseshe. Maana laiti tungeshikilia ratiba yetu na kumburuta Jumanne, Jumatano asingenyanyuka kitandani. Na Animal Kingdom ndiyo ilikuwa bustani yake.

Ndani ya bustani ile wamejenga kijiji cha kubuni wakakiita Harambe, mfano wa mji wa Afrika Mashariki, kuta zimechakazwa makusudi, mabango yana Kiswahili. Harambee yetu wameipunguza herufi moja, lakini tumewasamehe. Kutoka hapo unapanda lori la wazi kwenye matembezi yanayoitwa Kilimanjaro Safaris, kama dakika 20, unapita katikati ya twiga, tembo, vifaru na simba. Dereva akasema "Jambo!" watu wote wakaitikia "Jambo!" isipokuwa mwanamke mmoja wa Kichaga aliyesema kwa sauti, "Sijambo mwanangu, shikamoo iko wapi?" Lori zima likageuka.

Kisha twiga akapita mbele ya lori, polepole, hana haraka na mtu. Mama akanyamaza. Akanishika mkono. "Kumbe ni mrefu hivi," akasema.

Wadau, mama yangu amezaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro. Anauona kila asubuhi akifagia uwanja. Hajawahi kuingia hifadhi yoyote ya taifa. Twiga, mnyama wa taifa lake, alimwona kwa mara ya kwanza huko Florida, kwenye lori lililopewa jina la mlima wake. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Tulipanda mara mbili.

Siku ya bustani ya sinema haikutumika. Kinachochekesha ni kwamba tiketi ya siku nne hukulazimishwa kuitumia mfululizo, unapewa siku kadhaa za nafasi. Kwa hiyo tungekuwa na siku moja tu zaidi kwenye ratiba, tungepumzika na bado tungeitumia. Lakini Ijumaa ilikuwa ya lori. Tiketi sita za siku moja zikapotea. Shemeji alihesabu njia nzima mpaka Georgia.

Sasa nije kwenye maoni yangu, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Mosi, idadi ya siku haipangwi kwa idadi ya bustani. Inapangwa kwa miguu ya yule mwenye miguu mibovu kuliko wote. Kama ni bibi, hesabu kwa bibi. Kama ni mtoto wa miaka mitano anayehitaji kulala mchana, hesabu kwa huyo. Kwa familia yenye wazee na watoto wadogo, mimi nasema siku tatu za bustani na siku moja ya kukaa bure katikati, si mwishoni. Usiku tano unatosha. Bustani moja iachwe, na mchague mapema ni ipi, kwa kuuliza kila mtu anataka nini hasa. Sisi hatukumuuliza mama. Tungemuuliza vizuri, ya wanyama ingekuwa ya kwanza, siyo ya mwisho.

Pili, siku ya ziada yenye tiketi rahisi ni mtego. Iandikeni siku hiyo nzima kwenye daftari: kitanda, chakula, mafuta, na mshahara unaoachwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ukishajua bei yake halisi na bado unaitaka, chukua kwa roho safi, usihesabu njiani.

Tatu, najua hoja ya shemeji, na siidharau. Mtu aliyetoka mbali, ambaye huenda hatarudi, ana haki ya kutaka kuona vyote. Mimi mwenyewe ningekuwa peke yangu na miguu hii ya miaka 27 ningekaa siku sita na Epic Universe juu. Vijana wanne wasio na mtoto waende wakimbie mpaka wachoke. Lakini "hatutarudi tena" ni sababu ya kukaa vizuri na watu, si ya kukimbia foleni nao. Kama ni kweli kwamba mama hatarudi tena, basi kinachoisha ni mama kuwepo. Bustani zitabaki palepale, zipo tangu 1971.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi naongeza kwa wanaokwenda mapumziko: siku mbili zunguka, ya tatu keti. Nimejaribu kukumbuka nini watoto walisimulia tulipofika Atlanta. Fataki zilikuwemo, na mabinti wa kifalme. Lakini ya kwanza kabisa, na ya muda mrefu kuliko zote, ilikuwa babu na nyani.

Na haya si ya Florida peke yake. Wewe wa Dar unayesema mambo hayo ni ya Ughaibuni, lini umeipeleka familia Mikumi? Barabara ya Iringa inapita katikati ya hifadhi, treni ya umeme tangu 2024 inakufikisha Morogoro kabla hujamaliza usingizi, na kiingilio kwa raia ni maelfu machache tu ya shilingi. Kinachotushinda si siku sita. Ni moja. Usiku mbili, asubuhi moja ndani ya hifadhi, jioni mmekaa na wazee mnapiga soga. Inatosha kabisa.

Mimi nimeshapiga hesabu zangu. Dada kasema paa kwanza, na mabati yameshapanda juu. Baada ya paa, nampeleka mama Tarangire. Nilimuuliza safari hii, na sikukubali jibu la "nyie pangeni". Nikamkazia. Akafikiri, akasema, "Siku mbili, baba. Ya kwanza tuangalie, ya pili tukae."

Ameshajua kuliko mimi. Je wewe mdau, kwenu nani huulizwa?

Haya ni maoni yangu tu, nawasilisha. Alamsiki.